Funga mlango kabla nondo hajaingia: neti kwenye shamba la sukuma wiki na kabeji

Haya ni mazungumzo ya afisa wa ugani kwa vikundi vya wakulima, wadi ya Misikhu, Kaunti ya Bungoma. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

Leo sitazungumza juu ya mahindi wala miwa. Hayo yana siku zake. Nimekuja kuzungumza juu ya kile kipande kidogo nyuma ya jikoni, ambacho mama hukiendea jioni akiwa na sufuria mkononi. Hapo ndipo sukuma wiki inapotoka, kabeji, na kanzera yetu ya tangu zamani. Ni shamba dogo, lakini hakuna shamba lingine katika boma ambalo watoto hula kutoka kwake kila siku. Kwa hiyo chochote tunachonyunyiza pale, tunakinyunyiza karibu sana na sahani.

Ombi langu ni moja. Badala ya kungoja wadudu waingie ndipo tukimbilie dawa, tuwafungie mlango mapema kwa neti. Lakini iwe neti ya shamba, si chandarua cha kitandani. Nitaeleza yote mawili.

Kwanza tumjue adui

Sukuma wiki, kabeji, kanzera, koliflawa na figili ni jamii moja. Wadudu wanaokula mmoja hula wote. Spinachi, kunde, mnavu na mrenda si wa jamii hiyo, na hilo mlikumbuke kwa sababu tutalihitaji baadaye.

Mwizi mkubwa wa jamii hii ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, ambaye urefu wake haufiki sentimita 1. Akikunja mbawa, mgongoni huonekana alama nyeupe zilizopangana kama almasi, na ndiyo maana wataalamu humwita nondo wa mgongo wa almasi. Mchana hujificha kati ya majani. Giza likiingia, huruka na kutaga mayai madogo ya manjano, hasa upande wa chini wa jani, kandokando ya mishipa. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 100.

Yai likianguliwa, kiwavi huanza kwa kuchimba ndani ya jani. Akikua kidogo hutoka na kulila kutoka chini, akiacha ngozi ya juu tu. Ukilielekeza jani kwenye jua utaona vidirisha vinavyopitisha mwanga. Kama hujui ni kiwavi gani, mguse kwa kijiti. Huyu hujinyonganyonga kwa kasi akirudi nyuma, kisha huanguka na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Katika joto la huku kwetu, safari ya kutoka yai hadi nondo mpya huchukua wiki 3 hadi 4. Hii ina maana kwamba kabeji moja, tangu kupandikizwa hadi kuvunwa, inaweza kushambuliwa na kizazi cha kwanza, cha pili na cha tatu.

Mwizi wa pili ni vidukari, ambao wengi wenu mnawaita wadudu mafuta. Hukaa kwa makundi katikati ya mche, hunyonya maji ya jani, na jani hujikunja. Wa tatu ni sota, yule funza mnene wa udongoni anayekata mche usiku na kuuacha umelala.

Wote huongezeka wakati wa kiangazi. Mvua kubwa huwapiga viwavi wadogo na vidukari na kuwaangusha. Kuanzia Disemba hadi mvua ya Machi hawana wa kuwasumbua, na huo ndio wakati mboga hupungua sokoni na kila mtu hutafuta sukuma.

Kwa nini dawa peke yake imeshindwa

Wengi wenu mmeniambia kwamba mnapuliza lakini viwavi hawafi. Si lazima iwe dawa ni bandia, ingawa bandia nazo zipo. Nondo huyu anajulikana duniani kote kwa kuzoea dawa. Mapema miaka ya 1950, kule Java nchini Indonesia, aligunduliwa kuwa hauawi tena na DDT, akawa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mimea kufanya hivyo. Tangu wakati huo ameizoea dawa baada ya dawa. Ukitumia chupa ileile kila wiki, unaua walio dhaifu na kuwaachia walio sugu wazae.

Jambo la pili linahusu afya. Kila dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu ina lebo, na lebo hiyo inaeleza siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kwa shamba la kuuza kabeji, unaweza kungoja. Lakini sukuma ya nyumbani huvunwa leo, kesho kutwa na mwisho wa wiki. Nani atangoja siku 7 au 14 ilhali watoto wanataka mboga ya kula na ugali? Ndiyo maana nasema kwamba katika shamba la jikoni, njia bora ni ile isiyohitaji mtu angoje.

Jambo la tatu, dawa haichagui. Mwaka 2002 watafiti wa icipe waliachilia hapa Kenya nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Taiwan, ambaye hutaga mayai ndani ya viwavi vya nondo huyu na kuviua. Nyigu huyo hamdhuru mtu wala mmea. Lakini dawa kali inayopulizwa ovyo humuua yeye kwanza, na nondo hubaki akishangilia.

Neti hufanyaje kazi

Neti haiui mdudu. Inamzuia tu asifikie jani ili atage. Wazo hili limepimwa. Kule Benin, Afrika Magharibi, watafiti walifunika kabeji za wakulima wadogo kwa neti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba viwavi vilipungua sana bila kupuliza mara kwa mara. Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kilishirikiana na watafiti wengine kujaribu neti kwenye kabeji na nyanya. Baadhi ya neti hizo zilifumwa Arusha, kwa jirani zetu Tanzania. Waligundua pia kwamba miche iliyokuzwa chini ya neti hustawi vizuri kwenye kitalu, kwa sababu neti huhifadhi unyevu na joto kidogo, na hupunguza nguvu ya mvua ya mawe.

Mkienda dukani, angalieni ukubwa wa tundu. Kwa nondo, tundu lisizidi milimita 1. Kipimo rahisi ni punje ya wimbi: ikipenya kwenye neti, tundu hilo ni kubwa mno. Vidukari ni wadogo zaidi, na kuwazuia kunahitaji neti ya tundu la karibu milimita 0.4. Lakini neti nzito kama hiyo hupitisha hewa kidogo, na wakati wa mvua majani yanaweza kupata ukungu. Kwa wengi wenu, neti ya tundu la chini kidogo ya milimita 1 inatosha, na vidukari tutawakagua kwa macho.

Jinsi ya kuiweka

Tuchukue kituta cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Kwa sukuma, panda mistari 2 iliyoachana kwa sentimita 60, na mche hadi mche sentimita 45. Hapo utapata mashina kama 22.

Kwa kabeji na kitalu, pinda fito mbichi ziwe kama matao, kimo cha sentimita 60, moja kila baada ya mita 1. Neti ya upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 7 itafunika kitanda hicho na kubakiza ukingo wa kufukia.

Sukuma hurefuka, kwa hiyo matao hayatoshi. Simamisha nguzo za kimo cha mita 1.2 juu ya ardhi, funga fito juu yake, kisha vaa neti kama unavyovalisha kitanda. Hapo utahitaji upana wa mita 4 na urefu wa mita 8. Ncha za nguzo zifunge kwa kitambaa au mpira wa zamani, zisije zikatoboa neti. Sukuma ikifika darini, kata kichwa chake, itachipua pembeni.

Yako mambo 4 ambayo ukiyakosa, neti yako itakuwa pambo tu.

La kwanza, funika siku ileile unayopandikiza, kabla ya jua kutua. Ukingoja hadi uone matundu kwenye majani, utakuwa umemfungia mwizi ndani ya nyumba pamoja na mali.

La pili, kagua miche kabla haijaingia. Geuza kila jani. Mche wenye mayai, viwavi au vidukari usipandwe. Vilevile chimbua udongo siku kadhaa kabla ya kupanda na uokote sota, maana huyu yuko ardhini tayari na neti haimzuii. Kuku wakipewa nafasi wakati huo, watakusaidia. Baada ya kupanda, neti itawazuia hao kuku wasirudi kuchakura.

La tatu, ukingo wa neti ufukiwe kwa udongo pande zote, au ulaliwe na mawe na magogo. Upande mmoja uwe wa kufungulia, nao uwekewe mti mrefu wa kuulaza.

La nne, majani yasiguse neti. Jani likigusa, nondo hutaga akiwa nje na kidukari hupenyeza mdomo wake.

Kazi ya kila wiki

Maji ya mvua na ya mkebe hupita kwenye neti, kwa hiyo si lazima kuifungua ili kunyunyizia. Utaifungua wakati wa kupalilia, kuvuna na kukagua. Fanya hivyo mchana, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, wakati nondo amelala. Jioni ni saa yake ya kazi, nawe uwe umeshafunga.

Mara moja kwa wiki, geuza majani. Ukiona kiwavi, mponde. Ukiona vidukari wachache, waoshe kwa maji au chuma jani hilo ukalifukie. Jivu la kuni ambalo mama zetu wamelitumia miaka yote bado linasaidia, likinyunyizwa jani likiwa na umande. Usilale ukidhani kwamba neti inatosha, kwa sababu neti humzuia pia yule mdudu mwekundu wa madoadoa meusi ambaye chakula chake ni vidukari. Kidukari mmoja akiingia, hana wa kumla isipokuwa jicho na kidole chako.

Ikibidi kabisa kupuliza, njoo ofisini tuzungumze kwanza. Ziko dawa za mwarobaini na za bakteria zinazolenga viwavi, ambazo si kali kama zile mlizozoea. Hata hizo, soma lebo.

Wengine mtaniuliza kuhusu nyuki. Sukuma na kabeji tunakula majani, kwa hiyo hatuhitaji maua. Lakini ukiacha mashina ya kanzera kwa ajili ya mbegu, yaondolee neti yakianza kutoa maua ili nyuki wafanye kazi yao.

Neti pia haiponyi ugonjwa. Kabeji inayooza na kunuka kuanzia kwenye mishipa ya jani imeletewa ugonjwa na mbegu au udongo. Dawa yake ni mbegu safi na kubadilisha shamba. Hapa ndipo nawakumbusha kunde, mnavu na spinachi. Mahali palipokuwa na sukuma, panda hizo kwa misimu 2 au 3 kabla ya kurudisha jamii ya kabeji. Na mabaki ya sukuma ya zamani yang'oe yote. Shina kuukuu lililoachwa limesimama ni nyumba ya kulala wageni ya nondo.

Sasa tuzungumze juu ya chandarua

Ndugu zangu, hapa naomba tusikilizane vizuri. Tukipita vijijini tunaona vyandarua vya mbu vimefunika miche, vimezungushiwa kuku, vingine vimefungia mboga. Najua sababu. Neti ya shamba inauzwa, na chandarua kilikuja bure.

Lakini Bungoma ni kati ya kaunti za ukanda wa ziwa ambako malaria iko mwaka mzima. Vyandarua hugawiwa kwa kampeni kila baada ya miaka mitatu hivi, kwa hesabu ya kimoja kwa watu wawili, na kliniki huwapa akina mama wajawazito na watoto wachanga. Chandarua kikitoka kitandani, kuna watu wawili waliobaki wazi. Mara nyingi mmoja wao ni mtoto. Hakuna kabeji inayolingana na hilo.

Tena hakifai kwa mboga. Kimetiwa dawa ya kuua mbu, si dawa iliyokubaliwa kukaa juu ya mboga. Dawa hiyo ni ya kundi ambalo nondo wetu amelizoea katika sehemu nyingi, kwa hiyo haitamtisha. Na kikiwa kimechakaa na kutoboka, nondo atapita kwenye tundu kama anayepita langoni. Hata kukifua, msikifulie mtoni. Dawa ile huua samaki. Kifuliwe kwenye karai, kikaushwe kivulini. Chandarua kikiharibika kabisa, muulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wako kabla ya kukipa kazi nyingine.

Chandarua ni cha mtu na neti ya shamba ni ya mboga. Tusizichanganye.

Gharama

Sitawatajia bei hapa, kwa sababu bei ya duka la Webuye leo si ya Kitale kesho. Lakini fanyeni hesabu. Kila mmoja aandike kwenye daftari fedha alizotumia kwa dawa ya mboga msimu uliopita, aongeze kukodi pampu, aongeze mboga alizonunua sokoni wakati zake zimeliwa. Kisha agawanye bei ya neti kwa misimu itakayodumu. Neti nzuri ikitunzwa hudumu misimu kadhaa. Ikishamaliza kazi, ioshe kwa maji matupu, ianike kivulini, ikunje na kuining'iniza mahali panya hawafiki. Vipande vilivyochanika visiachwe shambani. Ng'ombe akivimeza vinaweza kumziba tumbo.

Neti hufika madukani kwa roli. Mtu mmoja akinunua mita 8, hulipa bei ya rejareja. Chama cha watu 10 kinaweza kununua roli na kukata pamoja. Vikundi vingi hapa vina akiba ya kukopeshana. Anzeni na kitalu kimoja cha kikundi chini ya neti, kila mtu apate miche safi, kisha mpanue kidogo kidogo. Si lazima shamba lote lifunikwe siku moja.

Mwisho

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Katika shamba la jikoni, kinga ni neti iliyofungwa kabla ya jua kutua siku ya kupandikiza, na mkono unaogeuza majani kila wiki.

Kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani. Leo jioni, kabla ya kuchuma mboga, geuza majani 10 ya mashina tofauti. Hesabu yenye vidirisha au viwavi, uandike, na uje na hesabu hiyo mkutano ujao. Tutaanza na wale walio na shida kubwa zaidi, tuchague kitanda kimoja kwa kila kikundi, tukifunike pamoja, na kando yake tuache kingine wazi. Baada ya miezi 3 hamtahitaji kunisikiliza mimi. Mtasimama kati ya vitanda hivyo viwili, mjionee wenyewe.